Kifungu cha Kumi na Nne

Migori mtu akikuambia ana biashara, usimwombe leseni, mwombe muhuri. Muuza nyanya ana muhuri, kinyozi ana muhuri, na yule jamaa anayechaji simu za watu pale stendi ana mihuri miwili, mmoja wa wino wa bluu na mwingine wa wino mwekundu kwa mambo mazito. Karatasi isiyo na muhuri, kwa watu wa mji huu, ni barua ya mapenzi tu: unaisoma, unacheka, unafungia mandazi.

Nyasuguta naye alikuwa na wake. Ulisema yeye ni muuzaji wa sare za shule na “bidhaa nyinginezo”, ingawa hizo nyinginezo hakuwahi kuziuza hata siku moja. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye vyerehani sita alivyovinunua kimoja kimoja kwa miaka kumi na miwili, na muhuri huo aliupenda kuliko vyote sita. Wateja walipochelewa alikuwa akiugonga kwenye karatasi za mabaki ili ausikie tu. Ndio uliomponza.

Mambo yalianza na viungo vya mama mkwe wake. Bi Bathsheba, mzee wa miaka sabini na minane, aliletwa Migori kutoka kwao Kisii ili aangaliwe, na asubuhi za Julai magoti yake yalikataa maji baridi kabisa. Nyasuguta akachoka kubeba karai la maji kutoka jikoni kila alfajiri. Ndipo Elkana alipokuja.

Elkana alikuwa shemasi katika kanisa lao la Sabato, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likataka kusimama lenyewe. Siku za kazi aliuza shawa za umeme za kampuni moja ya Nairobi. Alileta mikataba ya aina mbili. Mmoja ulikuwa wa kurasa mbili, umeandikwa juu yake Mnunuzi wa Nyumbani. Wa pili ulikuwa wa kurasa kumi na moja, Mteja wa Kibiashara, na kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na kisanduku kilichosema: Weka muhuri hapa.

“Mama Joyline, wewe si mtu wa kusaini hii ndogo,” Elkana alisema. Joyline ni binti wa Nyasuguta, anayesoma chuo Eldoret. “Hii ni ya watu wa kawaida. Wewe uko na kampuni. Na hawa wa biashara ndio fundi anaanza nao, kesho tu saa tatu ako hapa.”

Nyasuguta alizitazama zile kurasa mbili, nyembamba kama risiti ya dukani, akaona haya kidogo. Kisha akakitazama kile kisanduku. Kisanduku kitupu kinachosubiri muhuri, mbele ya mwenye muhuri, ni kama mtoto anayenyoosha mikono abebwe, nani atampita? Hakusoma hata ukurasa mmoja. Alipumulia muhuri, akaugonga kwa nguvu zake zote, akasaini juu yake, na Elkana akasema amina kana kwamba wako kanisani.

Wiki tano Bi Bathsheba alioga kama malkia. Wiki ya sita, Jumapili asubuhi, Nyasuguta akiwa jikoni alisikia kishindo bafuni, halafu hakusikia kitu tena. Kile kimya ndicho kilichomtia hofu. Alifungua mlango akamkuta mama mkwe wake sakafuni, povu la sabuni bado kichwani, macho wazi, maji yakimmwagikia magotini. Nyasuguta aliinama kufunga bomba na maji yakamuuma. Hayakumchoma, yalimuuma, kama kitu chenye meno kilichokamata kiwiko na kukivuta hadi begani. Alirushwa ukutani. Alitambaa mpaka koridoni, akazima swichi kubwa kwa mpini wa ufagio, akapiga mayowe hata majirani wakavunja mlango wa mbele.

Bi Bathsheba hakufa. Alilala hospitalini siku nne, akarudi na kovu jeusi kiganjani na desturi mpya. Kila alipoletewa kikombe cha maji, hata ya kunywa dawa, alikiangalia kwanza kisha akamuuliza mkwe wake kwa sauti ndogo: “Haya hayapigi?” Nyasuguta alikuwa akigeuka pembeni ili asionekane akilia.

Okari, fundi wa stima wa mtaani, aliing’oa ile shawa akaifungulia juu ya meza ya kukatia vitambaa. Aliigeuzageuza muda mrefu. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini mambo yakiharibika, ulionekana kwa nje ukiwa mzima, wa kijani na manjano, unapendeza. Ndani haukuwa umefungwa popote.

“Fundi wao aliharibu?” Nyasuguta aliuliza.

“Hapana, Mama. Imetoka kiwandani hivi. Angalia, hakuna hata mahali pa kuufunga.” Okari aliweka bisibisi chini. “Na ile koili ya kuchemshia iko uchi ndani ya maji. Kama hii moja iko hivi, zote ziko hivi.”

Nyasuguta alipiga simu kwa kampuni, na kesho yake Elkana akaja. Alileta maparachichi kwenye mfuko, akampa mzee pole, akaomba sala ndefu. Baada ya amina akatoa nakala ya mkataba, ikiwa imeshapigwa mistari ya njano mahali patatu. Kifungu cha tisa kilisema mteja amekagua bidhaa mwenyewe na hatari yote ni yake. Cha kumi na mbili kilisema ugomvi wowote utapelekwa kwa msuluhishi Nairobi, si mahakamani, na kila upande utalipa nusu ya gharama. Cha kumi na nne Elkana alikisoma polepole, bila kuinua macho: mteja hatasema, hataandika wala kudokeza kwa mtu yeyote neno lolote la kuchafua jina la bidhaa, na akikiuka atalipa shilingi milioni mbili.

“Elkana, mama karibu akufe hapo ndani.”

“Najua, Mama Joyline. Nawaombea kila siku. Lakini hii si mimi niliandika.” Alikunja karatasi. “Na muhuri ni wako.”

Nyasuguta hakuwa na milioni mbili. Alikuwa na vyerehani sita, na siku hiyo alivihesabu kwa macho, kimoja kimoja, kama mtu anayeaga. Akawaza Joyline akitolewa chuoni. Akamwaza mzee akirudishwa Kisii kwenye nyumba isiyo na mtu. Tangu hapo kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya duka ilimsimamisha moyo. Mtu mgeni akiingia kuulizia sweta, alianza kwa kumtazama mikono kama imebeba bahasha.

Wiki hiyohiyo alikwenda kwa wakili. Zablon alikuwa na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, na mwenyewe alikuwa mzee mwembamba aliyesoma kila karatasi mara mbili kabla ya kusema salamu ya maana. Aliusoma mkataba wote, kurasa kumi na moja, huku Nyasuguta akihesabu mbao za dari.

“Iko hivi, Mama,” alisema mwishowe. “Kampuni mbili kubwa zikisaini mkataba, sheria hukaa kando. Inasema, hawa ni watu wazima, wako na mawakili, walikaa wakabishana mstari kwa mstari. Kama mmoja alijifunga kamba, ajifungue mwenyewe. Lakini mtu akinunua kitu cha nyumbani kwake, sheria inajua hakubishana na yeyote. Aliletewa karatasi tayari, akaambiwa saini ama uache. Huyo sheria inamshika mkono. Kuna haki hawezi kuzisaini zikaisha, hata akitaka mwenyewe. Kitu kibovu kitabaki kibovu, karatasi iseme nini. Na kifungu cha msuluhishi hakiwezi kumfungia mlango wa korti.”

“Basi mimi ni huyo wa pili!” Nyasuguta alihisi pumzi zikimrudia.

Zablon alifungua ukurasa wa mwisho, akauweka mbele yake. Muhuri ulikuwa pale, bluu, haujakwaruzika hata kidogo.

“Karatasi inasema wewe ni wa kwanza. Hapa umekubali unanunua kwa kazi ya biashara.”

“Lakini ilikuwa bafuni! Mama mkwe wangu ni biashara?”

“Mimi nakubaliana na wewe. Jaji naye anaweza kukubali, akiangalia hicho kitu kilifungwa wapi na kilimwosha nani. Anaweza pia kuangalia huu muhuri akasema, huyu alitaka kuwa mkubwa, basi awe mkubwa. Sijui. Na wakili akikuambia anajua, chukua mkoba wako uondoke.” Alivua miwani. “Nipe miezi minne nitafute njia. Kwa sasa funga mdomo, hata kanisani. Na watu wa Nairobi wakipiga simu, usishike. Usikubali kitu, usikatae kitu.”

Nyasuguta alifunga mdomo. Siku kumi na tisa hakumwambia mtu, na mtu asidhani ni kazi ndogo kwa mwanamke anayeuza dukani, maana duka la cherehani ni baraza la habari. Sabato alikaa benchi ya nyuma. Majirani walipouliza mzee alianguka vipi, alisema sabuni. Uongo huo ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini aliumeza kila mara, akajiambia ni miezi minne tu.

Siku ya ishirini, Jumanne mchana, simu ikaja kutoka Homa Bay. Alikuwa Madam Leonida, mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana juu ya kilima kinachotazama ziwa. Nyasuguta aliishonea shule hiyo sare kwa miaka sita.

“Mama Joyline, Alhamisi ukuje unipimie Form One. Na ukuje mapema, kuna kitu nataka uone. Nimewekea watoto wangu maji moto! Shawa arobaini. Ni yule jamaa wenu wa Migori ameleta, Elkana.”

Nyasuguta alikaa chini juu ya furushi la vitambaa.

“Uko?” Madam Leonida aliuliza.

“Niko. Madam… hizo shawa, mmezijaribu?”

“Elkana amejaribu zote. Taa nyekundu inawaka, maji inatoka na moshi. Kwani?”

Maneno yalikuwepo. Yalikuwa pale pale kwenye ulimi, mafupi, na kila moja lilikuwa na bei yake. Elkana alishawahi kumwambia kwamba siku hizi simu zote zinarekodiwa, na ingawa alijua huo ni upuzi wa watu wa stendi, aliisogeza simu mbali na mdomo.

“Hakuna, Madam. Nimefurahi tu kwa ajili ya watoto.”

Alikata simu, akajichukia. Kesho yake yote alijitafutia nafuu. Shule ni kubwa, alijiambia, ina bodi, ina wakili wake, ina fundi wake. Hawawezi kuwasha kitu bila kukagua. Pengine zile ni toleo jipya. Pengine Okari alikosea. Hofu ina akili sana ikitaka kukaa kimya, na ya Nyasuguta ilikuwa hodari kama mwalimu wa chuo. Usiku alipitiwa na usingizi saa ngapi hakujua, akaamka akiwa amekunja ngumi.

Alhamisi saa nane mchana alikuwa Homa Bay, ukumbini, utepe shingoni, wasichana wa kidato cha kwanza wamepanga mstari. Alipima, akaandika, akapima, akaandika. Karibu saa kumi, alipofika kwa msichana mmoja aliyeitwa Emmah, mdogo wa umbo, mwenye pengo la meno ya mbele, aliona taulo limefungwa kiunoni juu ya sketi.

“Taulo ya nini saa hii?”

“Tunaoga maji moto, Mama! Bweni letu ndio la kwanza. Saa kumi baada ya michezo. Mimi niko namba tatu kwa laini.” Emmah alionyesha kando ya mlango, ambako mabeseni yalikuwa yameshapangwa, moja nyuma ya jingine, yakiwashikia wenyewe nafasi. “Mimi sijawahi kuoga na shawa. Ati inakuwa kama mvua?”

“Nyoosha mkono,” Nyasuguta alisema.

Mkono ulikuwa mwembamba. Aliuzungushia utepe kwenye kifundo, akasoma, akaandika, akajikuta ameandika namba ya kiuno. Akafuta. Akaandika tena vibaya. Aliwaambia wasichana wangoje, akatoka kwenda ofisini huku miguu ikimwenda yenyewe.

Ofisini Elkana alikuwa ameketi, shati lake vilevile, akimnyooshea mkuu wa shule kalamu. Mbele ya Madam Leonida kulikuwa na mkataba mnene kama kitabu cha hesabu na juu yake karatasi moja peke yake.

“Mama Joyline! Karibu, nyar Kisii, binti wa Kisii,” Madam Leonida alisema kwa furaha. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa aliyeijua shule yake hadi misumari ya madawati. “Umekuja nikipokea mali. Si unaona huu mkataba? Huu si wa kununua sufuria. Wakili wa bodi na wakili wao walivutana miezi mitatu mizima. Walitaka tusikague, tukakataa. Tulitaka warudishe pesa kitu ikiharibika, wao wakakataa, tukaachilia hapo ili watushushie bei. Sasa mpaka nisaini hii ya kupokea naweza kukagua nikatupa nje. Nikishasaini, kwisha, shida yote ni ya shule.”

Nyasuguta alielewa yote kwa mara moja, na kuelewa huko kulimtia baridi. Yeye mwenyewe, pamoja na upumbavu wake, pengine sheria ingemshika mkono. Hapa hakuna mkono. Hawa ni wale watu wazima wa Zablon, waliobishana mstari kwa mstari, wakauza haki moja kwa kupunguziwa bei. Mlango pekee uliobaki wazi ulikuwa ile kalamu.

Elkana alikuwa akimtazama. “Mama Joyline,” alisema taratibu, “naona umekuja kupima.”

“Nimekuja kupima,” Nyasuguta alijibu.

Akageuka kuondoka. Ndiyo, aliondoka, tusimpambe. Alifika mlangoni, akashika kitasa, akawaona Joyline, mzee na vyerehani sita, na mguu mmoja ulikuwa nje tayari kengele ya kumaliza michezo ilipolia. Uwanjani wasichana walianza kukimbia kuelekea ukumbini kuchukua mabeseni yao. Walikuwa wakicheka. Emmah alikuwa ameshachomoka ukumbini mbele yao, ameshika taulo lisidondoke.

Nyasuguta alirudi ndani.

“Madam, usisaini. Hiyo kitu ilimpiga mama mkwe wangu. Alianguka akiwa na sabuni kichwani. Mimi nikagusa maji, yakanirusha ukutani. Waya ya ndani haijafungwa mahali. Okari fundi ameona. Zote ziko hivyo.”

Alisema yote kwa pumzi moja, akihofia kwamba akinyamaza kidogo hataweza kuendelea. Madam Leonida alibaki na kalamu hewani. Elkana hakuruka, hakupiga kelele. Alifungua mkoba wake, akatoa ile nakala yenye mistari ya njano, akaiweka mezani.

“Madam, huyu ni mteja wetu wa kibiashara. Yuko na ugomvi na kampuni na wakili wake anajua. Amesaini asiseme maneno kama haya. Sijui kwa nini anasema leo.”

Madam Leonida alisoma, akatazama muhuri, akamtazama Nyasuguta kwa jicho jipya. “Wewe nawe unauza shawa? Hapa imeandikwa bidhaa nyinginezo. Ama ulitaka hii tenda wewe?”

Hilo hakulitarajia. Alikuwa tayari kutishwa, hakuwa tayari kutoaminiwa, na machozi yakamtoka palepale mbele yao. Nje mabeseni yalikuwa yakigongana koridoni kuelekea bweni.

“Sijui kuuza shawa, Madam. Mimi nashona. Lakini si uko na haki ya kukagua? Basi kagua. Usiniamini mimi. Mwambie Elkana aweke mkono kwa maji.”

Walikwenda bwenini wote watatu. Wasichana walikuwa wameshajipanga, na Madam Leonida aliwasogeza nyuma kwa mkono mmoja. Bafu lilikuwa jipya, limepakwa rangi nyeupe, mashine zimepangika ukutani kama sahani kabatini. Madam aliwasha swichi ya kwanza. Taa nyekundu ikawaka. Akaonyesha bomba, Elkana akalifungua, maji yakashuka, mvuke ukapanda. Wasichana wakapiga vigelegele.

“Weka mkono,” Madam Leonida alisema.

“Si lazima, Madam, taa inaonyesha…”

“Ukaguzi ni wangu. Weka mkono, Elkana.”

Elkana alivua saa, akaitia mfukoni. Akakunja mkono wa shati, mara moja, mara mbili. Nyasuguta aliutazama mkono huo. Sabato za meza ya Bwana ulikuwa ukiwaosha wazee miguu ndani ya beseni, taratibu, bila kinyaa, na watu walimpenda kwa hilo. Sasa uliinuka, ukasogea hadi karibu na maji, shubiri moja, pengine pungufu, ukasimama. Wasichana wa mbele walirudi nyuma hatua moja, maana hata mtoto anajua mtu mzima akiogopa.

Aliushusha.

“Siwezi,” alisema. Alizima swichi, kisha akageuka kwa Nyasuguta, na sauti yake ikawa ya chini sana. “Na mimi nilisaini, Mama Joyline. Kazi yangu iko na kifungu chake. Kuna mtoto mahali, naye alikuwa akioga…”

Madam Leonida alimwonyesha mlango. Hakumtukana. Alisema tu, “Toa vitu vyako kwa shule yangu kabla jua lishuke,” akawageukia wasichana: “Haya, kila mtu kwa bafu ya zamani. Maji baridi haijaua mtu.” Walilalamika kwa pamoja, wakabeba mabeseni yao wakaenda wakiburuta ndara.

Elkana alibaki akifunga vifungo vya mkono wa shati. “Itabidi nipige ripoti saa hii,” alisema. “Wataniuliza nani aliongea. Nikidanganya ni mimi watafuata.”

“Piga,” Nyasuguta alisema. Usidhani alisema kishujaa. Alikuwa akitafuta mlango kwa macho.

Alitoka akakaa kwenye ngazi za ukumbi. Alijaribu kupanga vipimo vyake, namba zikawa zinaruka. Mara, kutoka nyuma ya bweni, ukasikika ukelele wa msichana, mkali, wa kukata moyo. Kisha mwingine. Kisha wengi kwa pamoja.

Nyasuguta hakukumbuka aliinuka vipi. Alikimbia na utepe ukipeperuka shingoni, akaacha kiatu kimoja njiani, akiita jina la Mungu kwa Kikisii, Nyasae, Nyasae, akausukuma mlango wa mabati kwa bega. Ndani, wasichana ishirini walikuwa wakirukaruka chini ya mabomba ya chuma, wakipiga mayowe kwa baridi ya maji, wakimwagiana kwa mabeseni. Emmah alikuwa katikati, meno yanamgongana.

“Ni huyu mama wa uniform!” alisema mmoja. “Ametunyima maji moto!”

Wakacheka wote. Nyasuguta aliketi palepale sakafuni, penye maji, na maji yakalowesha gauni lake yasimfanye kitu. Alilia kwa sauti bila kujifunika uso. Wasichana walifunga mabomba mmoja mmoja, wakidhani wamemtukana, na Emmah akaja na lile taulo lake akamfunika mabegani.

Ndipo simu ikalia mkobani. Aliitoa. Namba ilianza na sifuri mbili sifuri. Nairobi.

Alikumbuka maneno ya Zablon, akaiacha ikalia mpaka ikakatika. Ikalia tena. Hofu yake ilikuwa nzima, haikupungua hata chembe. Vyerehani sita viliweza kuondoka, na mzee, na ada ya Joyline, na hakuna wakili mkweli aliyejua jaji angesema nini. Alijifuta mkono kwenye taulo la mtoto, akashika.

Sauti ya mwanamume, ya adabu sana, iliuliza kama ni kweli leo amezungumza na mkuu wa shule kuhusu bidhaa yao.

“Nimezungumza,” Nyasuguta alisema, kwa sauti waliyoisikia hata wasichana. “Ilikuwa bafuni kwangu nyumbani, ikampiga mama mkwe wangu akioga. Andika na hiyo.”